Sura ya Saba: Dakika Nne za Picha Moja

Redio ya marehemu ilitolewa kwenye kifusi siku ya tisa. Siku ya kumi asubuhi ilikuwa juu ya meza ya fundi, imefunguliwa tumbo, na harufu ya plastiki iliyoungua imejaa karakana nzima.

Mpelelezi, mama wa makamo, alivuta kiti akaketi bila kuvua koti.

"Nipe habari yake," alisema.

Fundi wa mitambo wa kikosi cha zimamoto alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapotaka kufikiri kabla ya kujibu. Asubuhi hiyo alikuwa ameshaifuta mara mbili.

"Gamba limeyeyuka, afande, lakini kadi ya kumbukumbu imepona. Ina orodha. Na ina picha."

"Tuanze na orodha. Picha baadaye."

Siku kumi nyuma ghala la magodoro lilikuwa limeteketea. Wafanyakazi kumi na wanne walitolewa hai. Aliyebaki ndani alikuwa zimamoto mmoja tu, kijana aliyeitwa Sindano kwa jinsi alivyokuwa mwembamba. Alikuwa ameshika mpira wa maji mwisho wa korido ya ghorofani, akiuzuia moto ili watu wapite. Mwenzake, mtu mnene kuliko wote kikosini, ambaye hata mshahara wake uliandikwa kwa jina lake halisi kwa shida kwa kuwa kila mtu alimjua kama Bonge, alisimama kwenye ngazi. Kila mmoja alikuwa na kamera kwenye kofia na redio kifuani. Kuta zile za zege hazikuruhusu mawimbi kwenda mbali, kwa hiyo redio zilipokezana sauti na picha kama watu wa ujenzi wanavyopokezana matofali: ya Sindano ikaipa ya Bonge, ya Bonge ikaipa ya gari lililoegeshwa nje, na gari likaifikishia meza ya mkuu wa kikosi, getini. Mmoja akitoka kwenye mstari, tofali halifiki.

Na tofali halikufika. Kwa dakika nne za mwisho za uhai wa Sindano, kumbukumbu za mezani ziliandika maneno matatu: namba tatu imepotea. Namba tatu alikuwa Bonge. Mlinzi wa ghala akaeleza kwamba alimwona mtu mwenye koti la zimamoto akikimbia kutoka upande wa jengo kuelekea getini. Bonge mwenyewe alipoulizwa alitazama mikono yake iliyofungwa bendeji, akasema, "Sikumbuki." Mpelelezi akaandika ripoti ya awali, kurasa tatu, sahihi na mhuri: aliyekuwa kwenye ngazi aliacha nafasi yake. Kwa ripoti hiyo Bonge alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Siku ya maziko, ndugu wa Sindano walimzuia mlangoni.

Fundi aligeuza kompyuta. "Kila sekunde mbili redio huwaita jirani zake. Anayeitikia anaandikwa."

Mpelelezi aliteremka na kidole. Namba tatu ipo. Namba tatu ipo. Alifika dakika ya kwanza ya zile nne, akafika ya pili. Namba tatu ipo. Hakuruka mstari hata mmoja. Mstari wa mwisho kabisa, kabla redio haijanyamaza, ulisema namba tatu ipo.

"Bonge angekimbilia getini, hii redio ingeendelea kumsikia?"

"Hapana. Pale kuna kona. Akishuka ngazi sita tu, kwisha habari."

"Kwa hiyo hakuondoka."

Fundi alifuta miwani mara ya tatu. "Hakuondoka, afande."

"Lakini meza iliandika amepotea."

"Meza haimsikii Bonge moja kwa moja. Inaambiwa na gari. Gari ndilo lililosema simsikii tena namba tatu."

Mpelelezi aliinua kidole kwenye skrini. "Ukiwa ndani ya basi," alisema, "unaona miti ndiyo inayokimbia."

"Ndiyo hivyo."

"Nani dereva wa lile gari?"

*

Dereva alikuwa uani anaosha magurudumu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na aliliosha lile gari kila siku, liwe limetoka au halikutoka. Alipomwona Mpelelezi alifunga maji, akajifuta mikono kwa suruali.

"Siku ile uliegesha wapi, mzee?"

"Mbele ya mlango wa ngazi. Kila mtu aliona."

"Ukakaa hapo hapo mpaka mwisho?"

Dereva alikunja kitambaa chake, akakikunjua. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

"Ni kosa langu. Sasa nakuuliza."

"Maji yalikuwa yanaisha. Tangi lilibaki robo. Nani alikuwa ameshika mpira? Sindano. Ningemwacha yule mtoto na mpira mkavu? Nikakimbia kwa miguu mpaka getini kutafuta bomba la barabarani, nikaliona, nikarudi, nikalisogeza gari. Halikwenda mbali. Nyuma ya yale makontena tu. Mpira ulikuwa mrefu, ulifika. Hakukosa maji hata nusu dakika, afande, hilo naweza kuapa."

"Ulipokimbia kwa miguu ulikuwa umevaa koti?"

"Koti la kazi, ndiyo. La njano."

Mpelelezi aliandika. Hapo alifuta pia mstari mmoja kwenye ukurasa wa zamani wa daftari, ule wa mlinzi wa ghala.

"Kuna uliyemwambia kwamba unasogeza gari?"

"Nilimwambia Mjomba, mkuu wetu. Nilipita karibu na meza yake, nikatoa kichwa dirishani, nikasema nafuata maji. Akanyoosha dole gumba. Macho yalikuwa kwenye skrini, hakuniangalia." Dereva alitazama kalamu. "Nimekosea wapi?"

"Sijasema umekosea."

"Lakini unaandika."

"Kila kitu naandika, mzee. Washa gari. Tunakwenda ghalani."

*

Ngazi za ghala zilikuwa zimesalimika, nyeusi tii, na juu yake hapakuwa na dari. Fundi alisimama pale aliposimama Bonge, redio ya majaribio kifuani na kamera kichwani. Meza ilifunguliwa getini, na skrini ikawekwa juu yake kama siku ile. Dereva aliliegesha gari mbele ya mlango.

"Nyoosha mkono," Mpelelezi alisema kwenye redio.

Kwenye skrini, kivuli cha Fundi ukutani kilinyoosha mkono.

Mpelelezi akatembea sambamba na gari lililokwenda mwendo wa kobe, redio ndogo mkononi, akihesabu hatua. Hatua ya ishirini, sauti ya Fundi ilikuwa safi. Ya ishirini na nane, ilikwaruza. Walipofika hatua ya thelathini na moja, pua ya gari ikiwa imeanza kuingia nyuma ya kontena la kwanza, sauti ilikatika. Dereva aliendelea mpaka hatua ya arobaini na mbili, akasimama pale pale alipoliegesha siku ile. Bomba la barabarani lilikuwa hatua mbili kutoka mlango wake. Hapakuwa na mahali pengine pa kuegesha.

Mpelelezi alirudi mezani. Kwenye skrini, kivuli cha Fundi kilikuwa bado kimenyoosha mkono.

Alimwita kwa redio. Kimya. Alisubiri dakika moja kwa saa yake. Kivuli hakikushusha mkono. Ndipo alipoiacha meza, akavuka uwanja, akapanda ngazi. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu, mikono magotini.

"Umekaa hapa muda gani?"

"Tangu uliponyamaza. Nilidhani tumemaliza."

Mpelelezi aliketi kando yake, masizi yakimchafua koti.

"Kule mezani bado umesimama," alisema. "Umenyoosha mkono. Skrini inaonyesha picha ya mwisho iliyoipata, na imetulia nayo, kama vile ni ya sasa hivi. Hakuna taa, hakuna alama. Nyie mmetengeneza mtambo wa watu wanaoingia kwenye moto, mkasahau kuweka kitu cha kusema hii picha imeganda?"

Miwani ilikuwa mkononi mwa Fundi, hakuifuta.

"Fundi."

"Hatukusahau," alisema hatimaye. "Kilikuwepo. Picha ikikaa sekunde tatu bila kubadilika, ukingo wa skrini unakuwa mwekundu, na kengele inalia. Miezi mitatu iliyopita tukakizima."

"Nani alikizima?"

"Mkono ni wangu, afande. Kwenye mazoezi kengele ililia kila saa. Mtu akigeuka kona, inalia. Akiinama, inalia. Mjomba akasema haisaidii, inamchanganya, inalia kama kichanga chenye njaa. Nilimwambia tuipunguze makali badala ya kuizima. Nilimwambia mara moja. Akaleta barua, nikazima." Alivaa miwani. "Ningemwambia mara ya pili. Nilikuwa na kazi nyingi wiki ile."

"Barua unayo?"

"Ninayo. Kuna sahihi yake."

*

Picha waliitazama mchana, karakana ikiwa imefungwa kwa ndani. Ilikuwa na sauti. Redio ya Sindano ilikuwa imehifadhi kila ilichokituma kwa Bonge, na redio ya Bonge, ilipolikosa gari la kupokea, ilikuwa imetupa vya zamani ili ipokee vipya, mpaka ikabaki na vipande tu. Kwenye kadi hii dakika zote nne zilikuwepo.

Hakukuwa na kelele za woga. Kamera ya kofia ilionyesha goti moja la Sindano sakafuni, mikono yake kwenye mpira, na moshi mzito juu. Kikosi kilikuwa na sheria aliyoiandika mkuu mwenyewe: mshika mpira haondoki mpaka meza iseme. Mpelelezi aliandika kila neno lililosemwa, pamoja na sekunde yake. Picha ilipofika mwisho alimwomba Fundi airudie kuanzia dakika ya pili, akahakikisha maneno, akapiga mstari chini yake.

Fundi alikuwa amegeukia ukuta.

"Kuna aliyeyasikia haya, mbali na sisi?" Mpelelezi aliuliza.

"Bonge. Yalipita kwake yote. Yaliishia kwake."

*

Mkuu wa kikosi alikuwa mzee mrefu aliyekata nywele karibu na ngozi. Dada yake alifariki akamwachia mtoto wa miaka tisa, akamlea, akamsomesha, akamwingiza kikosini. Kwa kuwa mtoto yule, Sindano, alikuwa akimwita Mjomba mbele ya watu wote, kituo kizima kilimwita hivyo, hata dereva aliyemzidi miaka mitano. Ofisi yake ilikuwa na meza, kabati la chuma na viti viwili. Alimkaribisha Mpelelezi, akafunga mlango mwenyewe.

"Mmeifungua redio," alisema.

"Tumeifungua, Mkuu."

"Bonge?"

"Bonge hakuondoka kwenye ngazi. Gari ndilo lililosogea, kufuata maji. Dereva alikuambia."

Mzee alifikiri. "Aliniambia. Ndiyo. Aliniambia." Alivuta kiti, akakaa upande wa wageni, si upande wake. "Nikamnyooshea dole gumba."

"Siku ile, kwa zile dakika nne, uliona nini kwenye skrini?"

"Niliona goti lake sakafuni, mikono imeshika mpira. Nikasema, vizuri, ametulia. Moshi haujashuka, naona mpaka vifungo vya glavu. Sikutoa macho pale, mama. Watu waliniita huku na huku, nikawaambia subirini. Wengine wote niliwatazama kwa zamu. Yeye nilimtazama muda wote."

"Ilikuwa picha moja, Mkuu. Iliganda gari lilipopita kontena la kwanza."

Mpelelezi aliweka barua mezani. Mzee hakuisoma. Aliitambua kwa mbali, kwa rangi ya wino, kwa maana ndani ya kituo kile ni yeye tu aliyetumia wino wa kijani.

Nje mtu alikuwa akiburuta ngazi ya chuma sakafuni. Ilisikika mpaka ikafika mwisho wa uwanja.

"Kengele," mzee alisema.

"Kengele."

"Ingelia kwa dakika nne."

"Ingelia sekunde ya tatu."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Halafu akauliza swali ambalo Mpelelezi alikuwa akilitegemea tangu apande ngazi za ofisi.

"Alisema nini?"

"Mkuu, itakuwa kwenye taarifa. Unaweza kuisoma baadaye, au usiisome."

"Mimi ndiye nimemlea. Nani mwingine wa kusomewa?"

Mpelelezi alifungua daftari. Aliona ni haki yake. Alisoma bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anavyosoma maelezo ya shahidi yeyote.

"Dakika ya kwanza, sekunde ya kumi: Mjomba, watu wamekwisha kupita, nitoke? Dakika ya pili, sekunde ya tano: Mjomba, dari limeanza kudondosha moto, nitoke? Sauti ya Bonge kutoka ngazini: toka bwana, njoo. Marehemu anajibu: Mjomba hajasema. Bonge anaita tena. Dakika ya tatu, sekunde ya arobaini, marehemu." Akageuza ukurasa. "Mjomba ananiona. Kungekuwa na hatari angeshaniambia."

"Basi?"

"Baada ya hapo Bonge anasikika akija. Anafika. Dari linaanguka kati yao. Mikono yake iliungua hapo, akivuta boriti."

Mzee aliisukuma barua kando. Kisha akasimama, akazunguka meza, akatoa kwenye droo karatasi nyeupe na kalamu ya kijani. Akaiangalia ile kalamu, akairudisha, akaazima ya Mpelelezi.

"Naandika kwa mkono wangu," alisema. "Usinisaidie maneno. Bonge aambiwe leo, kabla ya mtu mwingine yeyote."

*

Bonge alikaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya pikipiki. Mkewe ndiye aliyefungua.

"Umerudi tena," alisema, bila salamu.

"Nimeleta barua, mama. Ya kumrudisha kazini. Na ya kufuta niliyoandika."

Mwanamke alimtazama juu mpaka chini, akasogea kidogo, kiasi cha mtu kupita kwa ubavu.

Bonge alikuwa ameketi kwenye benchi uani. Alikuwa amepungua, shati lilimpwaya mabegani. Hakuweza kushika karatasi, kwa hiyo mkewe alimshikia barua mbele ya macho, na yeye akasoma polepole mpaka chini, akamwonyesha kwa kidevu ageuze upande wa pili. Upande wa pili haukuwa na kitu.

"Ahsante," alisema.

"Sina neno la kukuambia kuhusu siku ya maziko," Mpelelezi alisema.

"Nilisimama ng'ambo ya barabara. Niliona gari likipita." Alitazama bendeji zake. "Nilitaka kumbeba tu. Walikuwa wanne, na mmoja mfupi, jeneza likaenda limepinda."

Mkewe alikunja barua mara nne, akaingia nayo ndani.

"Nilikuuliza mara tatu," Mpelelezi alisema. "Ulikuwa na kila kitu cha kujitetea. Ungesema neno moja nisingeandika nilichoandika. Kwa nini hukusema?"

Bonge aliangalia mlango alikoingilia mkewe. "Ungeniuliza alisema nini. Ningekuambia hakuondoka kwa sababu hajaruhusiwa. Ungeuliza tena, wewe ndiyo kazi yako. Ungefika mpaka pale." Alishusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu mwingine. "Yale maneno ya mwisho. Umeyasikia?"

"Nimeyasikia."

"Basi unajua. Nikasema, redio yake imeungua, yangu imebaki na vipande. Nikikaa kimya yataishia kwangu. Kazi nitapata nyingine, hata ya ulinzi. Lakini yule mzee akiyasikia yale, hatalala tena maisha yake yote." Aliinua macho. "Kwenye taarifa usiyaweke, afande. Weka yote, weka gari, weka kengele, mfukuze kazi ikibidi. Hayo tu uyaache. Mzee asiyasikie."

Mpelelezi alitazama daftari lililokuwa magotini mwake.

"Nimemsomea," alisema. "Leo, kabla sijaja hapa."

Bonge aliweka mikono yenye bendeji juu ya magoti.

"Aliuliza mwenyewe."

"Angeuliza tu," Bonge alisema. "Nani asingeuliza? Wewe ndiye uliyekuwa na uwezo wa kutojibu."

Alinyanyuka kwa taabu, akisukuma benchi kwa viwiko, akaenda kusimama kwenye kona ya ua akiwa amempa mgongo. Mpelelezi alingoja kidogo, kisha akajipenyeza mlangoni alikopitia. Mke wa Bonge alikuwa sebuleni, na barua ilikuwa bado mkononi mwake. Hakuinuka kumsindikiza.